Barua ya wazi kwa wenye dhamana: kila aliyeuawa aandikwe kwa jina lake

Kwa:
Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya sheria, mambo ya ndani, afya, tawala za mikoa na elimu,
Dodoma.

Waheshimiwa,

YAH: SHERIA YA MAKOSA YA MAUAJI YA KIMBARI NA UHALIFU DHIDI YA UBINADAMU, PAMOJA NA UTARATIBU WA KUHESABU NA KUTAMBUA WALIOUAWA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaoandika ni wanasheria, wauguzi, wahudumu wa mochwari, watunza kumbukumbu na walimu wa historia wa Dodoma na Singida. Hoja zilizomo humu zilikwisha kupelekwa kwa maandishi, kwa njia ya kawaida, kwenye ofisi zinazohusika. Zilipokelewa, zikagongwa muhuri, zikalala. Sasa tunaziweka hadharani kwa heshima ileile, bila kupunguza neno.

Jambo letu ni moja. Nchi iliyopatwa na mauaji ya watu wengi, yawe ya jana au ya miaka 100 iliyopita, huanza kuwajibika siku inapoweza kusema ni nani amekufa, wapi, lini, kwa sababu gani na kwa mkono wa nani. Kesi, fidia, msamaha na mnara vyote hujengwa juu ya orodha hiyo. Sisi hatuna sheria inayoamuru orodha hiyo iandikwe wakati wa maafa ya namna hii, wala hatuna sheria inayoyaita makosa hayo kwa jina lake.

Hapa Ugogo wazee wanaijua Mtunya, njaa kubwa iliyofuatia Vita Kuu ya Kwanza. Haikuletwa na ukame peke yake. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua vijana wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosekana hapakuwa na akiba ghalani wala mikono shambani. Wanahistoria wanakadiria kwamba watu 30,000 walikufa kati ya wakazi 150,000. Mmoja katika kila watano. Tunasema "wanakadiria" kwa sababu waliochukua ng'ombe waliandika hesabu ya ng'ombe, watu hawakuandikwa.

Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 ni hivyohivyo. Walionyongwa Songea mwaka 1906 wanakumbukwa kila Februari, na majina yao yanasomeka, kwa kuwa waliorodheshwa. Waliokufa katika vita hivyo, wengi wao kwa njaa baada ya jeshi la Gavana von Götzen wa Ujerumani kuchoma mashamba na maghala, wanakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Kati ya kadirio la chini na la juu wamo watu 225,000 ambao hatujui kama walikufa au hawakufa. Rais Steinmeier wa Ujerumani alipofika Songea Novemba 2023 na kuomba msamaha, aliuomba kwa watu ambao wengi wao hakuna aliye hai awezaye kuwataja.

Na hatuwezi kuandika barua hii tukajifanya hatukuwepo Oktoba 2025. Siku ya uchaguzi, tarehe 29, na siku zilizofuata, intaneti ilizimwa, watu wakafa, na idadi zilizotajwa na pande mbalimbali zikapishana mno. Tarehe 14 Novemba, akilifungua Bunge hapa Dodoma, Mheshimiwa Rais alitangaza tume ya uchunguzi. Hatuyapi matukio yale jina la kisheria. Hiyo ni kazi ya uchunguzi. Tunasema tu kwamba idadi zilipishana kwa sababu hapakuwa na utaratibu wa kuzifanya zisipishane. Hoja zetu ni hizi.

1. Tumeridhia mikataba, hatujaitungia sheria

Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Kuzuia na Kuadhibu Kosa la Mauaji ya Kimbari mwaka 1984. Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, tuliuridhia Agosti 2002. Desemba 2006 kule Nairobi tukatia saini Mkataba wa Nchi za Maziwa Makuu, wenye itifaki inayohusu mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya ubinadamu na ubaguzi wa kila aina. Lakini kwa mfumo wetu, kuridhia chini ya Ibara ya 63 ya Katiba hakuufanyi mkataba kuwa sheria ya mahakamani; mpaka Bunge litunge. Kenya ilitunga mwaka 2008. Uganda ikafuata 2010. Sisi, tuliowapa wenzetu Arusha iwe makao ya mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda kwa miaka 20, bado.

Kinachoharibika ni nini hasa? Mtu aliyeshiriki mauaji ya kimbari nchi jirani akikamatwa Manyoni leo, asiwe raia wetu, mahakama zetu hazina mamlaka naye: Kifungu cha 6 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu makosa yaliyotendeka ndani ya nchi, na ya nje pale tu mtendaji anapokuwa raia. Mkosaji akiwa raia, atashitakiwa kwa kuua kwa kukusudia, kosa lililotungwa kwa ajili ya mtu mmoja kumuua mwenzake. Hilo halibebi nia ya kuangamiza kundi, ambayo ndiyo roho ya kosa la kimbari. Halimgusi sawasawa mkuu wa kikosi aliyejua vijana wake wanaua akanyamaza. Na mchochezi wa redioni anaweza kuponyoka kwa kusema yeye hakushika panga.

Kuna uamuzi uliotolewa Arusha ambao kila mbunge angepaswa kuujua. Mwaka 2006 mwendesha mashitaka wa mahakama ya Rwanda aliomba kesi ya Michel Bagaragaza, mtuhumiwa wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, ihamishiwe Norway. Norway ilikuwa tayari kuipokea, ina majaji, ina fedha, ina magereza mazuri. Mahakama ilikataa, na rufaa ikakataa pia, kwa sababu sheria za Norway wakati huo hazikuwa na kosa la mauaji ya kimbari. Zingemshitaki kwa mauaji ya kawaida. Norway ikarudi nyumbani ikabadili sheria yake. Sisi tulikuwa wenyeji wa kikao kile, na somo limetupita.

Sheria tunayoiomba haihitaji kuwa ndefu. Iwe na maelezo ya makosa matatu, yaani mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya ubinadamu na uhalifu wa kivita, yakichukuliwa neno kwa neno kutoka mikataba tuliyokwisha kuiridhia. Iwe na dhima ya mkuu kwa matendo ya walio chini yake. Iseme wazi kwamba amri ya bosi si utetezi, na kwamba muda hauyafuti makosa haya. Ubakaji uliofanywa kama silaha utajwe kwa jina, kama mahakama ya Arusha ilivyouhukumu katika kesi ya Akayesu wa Rwanda Septemba 1998. Na iipe Mahakama Kuu mamlaka juu ya mtuhumiwa yeyote aliyekutwa ndani ya mipaka yetu, popote alipotendea.

2. Miili, mochwari na makaburi

Hapa ndipo tutakaa zaidi, kwa sababu makosa ya saa 48 za kwanza hayarekebishiki, na mengi hufanywa na watu wenye nia njema.

Katika joto kama letu, sura ya marehemu hupotea ndani ya saa 12 hadi 48. Baada ya hapo ndugu akimtambua kwa macho, utambuzi huo hauaminiki: huzuni humfanya mtu aone anachokitafuta, na familia mbili huweza kuondoka kila moja imezika mtoto wa mwenzake. Kwa hiyo picha hupigwa kwanza, kabla ya gari, kabla ya mochwari. Mwili mzima kutoka mbele. Uso ukiwa umepanguswa. Kisha alama yoyote, nguo, na vitu vya mfukoni. Kamera iwe juu ya mwili moja kwa moja, isiinamishwe upande, na kibao cha namba kionekane katika kila picha. Picha isiyo na namba haitamsaidia mtu.

Namba yenyewe ina kanuni yake: mahali, timu, idadi. DODOMA–A–001, ikifuatwa na DODOMA–A–002. Iandikwe kwa wino usiofutika na maji kwenye vibandiko viwili, kimoja kifungwe mwilini, kingine juu ya mfuko. Kosa tunalolijua sana ni kuweka kibandiko kwenye mfuko peke yake. Mifuko ikibadilishwa, marehemu anakuwa hana jina tena. Kosa la pili ni kukusanya simu, pete na vitambulisho vyote katika sanduku moja "kwa usalama". Vitu vya marehemu havitenganishwi naye. Nguo zenye damu hazifuliwi wala hazichomwi: tundu la risasi kwenye shati, na masizi yaliyolizunguka, huweza kueleza umbali na upande wa mpigaji kuliko shahidi yeyote.

Majokofu ya mochwari za wilaya ni machache, na jokofu la kuhifadhia mwili linatakiwa liwe na nyuzi 2 hadi 4. Yakijaa, njia sahihi ni maziko ya muda. Kaburi la pamoja la kutupia si njia. Maziko ya muda huchimbwa kama mtaro wenye kina cha mita 1.5, miili hulazwa mstari mmoja, safu moja tu, nafasi ya sentimeta 40 kati ya mwili na mwili, kila mwili na namba yake, na namba hiyohiyo ikarudiwa juu ya ardhi. Mchoro wa mtaro na vipimo vya mahali vya setilaiti (GPS) viandikwe siku hiyohiyo. Umbali na chanzo cha maji usipungue mita 200. Dodoma inakunywa maji ya visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na eneo la maziko lisipochaguliwa mapema kwenye ramani, usiku wa dharura litachaguliwa na dereva wa greda.

Tunasisitiza pia kwamba maiti za watu waliouawa hazileti mlipuko wa magonjwa. Waliokufa kwa risasi au panga walikuwa wazima siku hiyo. Kisingizio cha "tuwahi kuzika kabla ya kipindupindu" kimetumika nchi nyingi kuharibu ushahidi, wakati mwingine na watu walioamini kweli wanachokisema. Chokaa nayo haifanyi kazi inayodhaniwa. Isimwagwe.

Tuone gharama ya kutofanya hivi. Srebrenica, nchini Bosnia, Julai 1995, waliuawa wanaume na wavulana wapatao 8,000. Wauaji walirudi baadaye na magreda, wakafukua na kuhamishia mabaki makaburi mengine ili kuficha. Matokeo yake mifupa ya mtu mmoja ilikutwa katika makaburi zaidi ya moja, kilomita nyingi mbali. Ilibidi kukusanya damu za maelfu ya ndugu na kulinganisha vinasaba mfupa kwa mfupa, na kazi hiyo imechukua zaidi ya miaka 20. Mama anapokea nyonga mwaka huu, na mwaka ujao anapigiwa simu kuhusu bega.

Sisi tunazo nyenzo za kuanzia. Tunayo Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali na Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009. Kinachokosekana ni amri ya kuziunganisha na mochwari wakati wa maafa. Sampuli ya marehemu ni jino zima au kipande cha mfupa wa paja. Ya ndugu ni mate ya ndani ya shavu, yakichukuliwa kwa ridhaa. Ndugu wanaofaa ni mama, baba, mtoto, au kaka na dada wa baba na mama mmoja. Mke au mume hafai peke yake. Anafaa akiwa na mtoto wa marehemu. Mambo haya mtendaji wa kata ayajue, maana yeye ndiye atakayeulizwa na familia saa moja asubuhi.

Na kabla ya maabara kuna fomu. Familia inayotafuta mtu ihojiwe kwa karatasi moja: jina, umri, kimo, nguo alizovaa mara ya mwisho, chale, tundu la sikio, jino lililong'olewa, mfupa uliowahi kuvunjika, simu yake. Fomu hiyo iwe moja nchi nzima, ipatikane kwa mtendaji, kituo cha polisi, hospitali, msikitini na kanisani, na zote ziingie daftari moja. Leo familia huzunguka vituo na mochwari ikianza upya kila mlango, ikieleza habari ileile kwa mtu mwingine ambaye haiandiki.

Kwa wale watakaosema utaratibu huu unakiuka dini: picha, namba, fomu na sampuli ya mate huchukua chini ya saa moja. Anayetakiwa kuzikwa kabla ya jua kuzama atazikwa. Tena Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, tayari inataka kifo cha utata kichunguzwe. Tunaomba tu itekelezwe hata wanapokufa wengi kwa mpigo, maana ndipo inapohitajika na ndipo inapowekwa kando.

3. Majeruhi na ushahidi wa simu

Mwenye jeraha la risasi au panga huulizwa PF3, fomu ya polisi, hospitalini. Hata pale anapotibiwa kwanza, akiogopa kituo cha polisi ataiogopa na hospitali. Atafungwa kitambaa nyumbani, na akifa hatakuwa kwenye daftari lolote. Wakati wa ghasia fomu ya daktari itoshe, iandikwe mahali jeraha lilipo, upande wa kuingilia na kutokea, na saa. Rejesta ya dharura isichukuliwe na mtu yeyote kutoka hospitali bila amri ya mahakama, na nakala ibaki.

Kuhusu simu: video ikitumwa kwa WhatsApp kama kawaida, hupunguzwa ubora na kupoteza taarifa za saa na mahali ilipochukuliwa. Mwenye nayo aihifadhi ya asili ndani ya simu iliyoichukua, asiikate, asiongeze maandishi wala muziki, na akituma aitume kama faili. Wapelelezi nao waache kuchukua simu ya shahidi bila kumpa hati. Watu hufuta picha kwa hofu hiyo, na zikifutwa hakuna upande unaofaidika isipokuwa mwenye kosa.

4. Ripoti za tume zitoke

Sheria ya Tume za Uchunguzi, Sura ya 32, inampa Rais mamlaka ya kuunda tume. Tunaomba iongezwe kifungu cha kuchapisha ripoti ndani ya muda unaotajwa, majina ya mashahidi wanaohitaji ulinzi yakifichwa.

Tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita kuhusu mauaji ya Januari 2001 Zanzibar ilitaja vifo 31. Tunaitaja kwa heshima, kwa sababu ilitoa tarakimu. Kenya walikwenda mbele zaidi. Tume ya Jaji Waki, baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, ilitaja vifo 1,133, na ikasema 405 kati yake vilitokana na risasi. Tarakimu hiyo ya pili ndiyo iliyobadili mjadala, kwa sababu raia wenye panga hawakuwa na bunduki za aina ile. Haikutoka kwenye hotuba. Ilitokana na kumbukumbu za tiba: kuna muuguzi fulani aliyeandika "jeraha la risasi" badala ya "jeraha", na kwa neno moja akaipa tume ushahidi wake. Ndiyo maana hoja yetu ya pili ni ndefu.

Lakini tume bila mashitaka nayo ina mwisho wake. Afrika Kusini, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipokea maombi ya msamaha zaidi ya 7,000 na kuridhia 849 tu. Kesi zipatazo 300 zilikabidhiwa waendesha mashitaka. Nyingi zilikaa kabatini, hadi mwaka 2025 Rais Ramaphosa akalazimika kuunda tume nyingine kuchunguza kwa nini hazikuendeshwa. Wazazi wengi walikwisha kufariki wakisubiri. Kwa hiyo kila ripoti ya tume yetu iwe na orodha ya mafaili yanayokwenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, na Mkurugenzi alieleze Bunge kila baada ya miezi 6 kila faili limefikia wapi.

5. Dalili huonekana mapema

Mauaji ya namna hii hayaanguki kama radi. Umoja wa Mataifa una mwongozo wa mwaka 2014 wenye vigezo 14 vya hatari, na kwa Kiswahili chepesi vinahusu mambo tunayoyajua: chuki ya zamani isiyosuluhishwa, vyombo vya dola visivyowajibika, silaha kusambaa, vijana kuandikishwa kwenye vikundi, na lugha ya kumfanya mtu si mtu. Redio RTLM ya Rwanda ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Mauaji yalianza Aprili 1994. Kwa miezi tisa watu waliitwa "mende" hewani, na dunia iliisikia ikiendelea na shughuli zake. Hapa mkoani kwetu hatua ya kwanza ingekuwa nyepesi: mtu mmoja katika kila halmashauri awe na kazi ya kusikiliza redio za eneo na makundi ya mitandaoni, aandike neno, tarehe na msemaji, apeleke kila wiki. Kuandika, si kukamata. Anayekamata kila mkosoaji hatasikia mchochezi halisi akija.

Mwaka 2012 ilizinduliwa Kamati ya Taifa ya Kuzuia Mauaji ya Kimbari, kwa mujibu wa itifaki ya Maziwa Makuu. Muulizeni mwenyekiti wa kijiji yeyote wa Kongwa au Kiteto kama aliwahi kuisikia. Na pale ndipo inapohitajika. Kilosa, Desemba 2000, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Kiteto damu ilimwagika tena Januari 2014. Dalili zake zina msimu: mavuno yakiisha, mifugo ikashuka kufuata mabua na maji, mipaka ya kijiji ikiwa haina ramani, na uamuzi wa mahakama ya ardhi ukiwa umecheleweshwa. Kijiji chenye mpango wa matumizi ya ardhi uliopimwa, wenye njia ya mifugo yenye upana uliokubaliwa na pande zote na vigingi vinavyoonekana, kina kitu cha kurejea watu wanapopandwa na hasira. Kijiji chenye mpango wa kwenye faili hakina.

Tukumbushane habari ya Akayesu. Hakuwa jenerali wala waziri. Alikuwa mkuu wa wilaya ndogo ya Taba, mtu wa ngazi ya watendaji wetu. Mahakama ya Arusha ilikuta kwamba siku za mwanzo alizuia mauaji katika eneo lake, na kwamba aligeuka baada ya mkutano na viongozi wa juu tarehe 18 Aprili 1994. Hadi siku ile kiongozi wa ngazi ya chini alikuwa ukuta. Mafunzo ya watendaji wa kata hapa nchini yana mada za mapato na usafi wa mazingira. Hatujaona mada ya nini cha kufanya amri ya kuua inapokuja kutoka juu.

6. Arusha na darasani

Mahakama ya Rwanda ilishitaki watu 93 kabla ya kufungwa Desemba 2015, na nyaraka zake ziko Arusha, kwenye jengo la Lakilaki. Lugha zake za kazi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Hukumu ya Akayesu, na ile ya mwaka 2003 dhidi ya watu wa RTLM na gazeti la chuki, zitafsiriwe rasmi kwa Kiswahili, na muhtasari wake uingie katika somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mtunya nayo ifundishwe, angalau katika shule za Ugogo.

Majibu tunayoyatarajia

Tutaambiwa Tanzania ni kisiwa cha amani. Kisiwa hicho kilipokea watu wapatao 250,000 ndani ya siku moja pale Rusumo, Aprili 1994. Kwa hiyo tunajua kuliko wengi jinsi mambo haya yanavyokaribia. Na tulikuwa na msimamo: mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria, akisema hatuwezi kuwalazimisha watu kukaa chini ya dola ambayo hawaioni tena kama kinga yao. Alikosolewa na wengi Afrika. Hakujificha nyuma ya ukimya wa jumuiya.

Tutaambiwa sheria hii itawapa wageni nafasi ya kutuhukumu. Ni kinyume chake. Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, iliyoko The Hague, huingia pale nchi isipotaka au isipoweza kuendesha kesi yenyewe. Nchi yenye sheria yake na mahakama zinazofanya kazi huwahukumu watu wake nyumbani.

Tutaambiwa hakuna fedha. Vibandiko, mifuko ya kuhifadhia miili, kamera moja na daftari kwa kila hospitali ya wilaya ni gharama ndogo kuliko gari moja la msafara. Cha gharama ni vinasaba, na hivyo vinaweza kusubiri kama sampuli zimehifadhiwa vizuri.

Tutaambiwa tunatonesha vidonda. Mjane asiye na cheti cha kifo hawezi kufungua mirathi, hawezi kutoa fedha za marehemu benki, hawezi kudai mafao ya hifadhi ya jamii. Kidonda chake kinatoneshwa kila anapofika dirishani, na anaambiwa alete cheti.

Tunachoomba

(a) Muswada wa sheria ya makosa ya mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya ubinadamu na uhalifu wa kivita usomwe mara ya kwanza bungeni ndani ya miezi 12 kuanzia leo, na wananchi waitwe kutoa maoni Dodoma, na si Dar es Salaam pekee.

(b) Wizara ya afya na ya mambo ya ndani zitoe waraka wa pamoja ndani ya siku 90 kuhusu miili, picha, namba, maziko ya muda na fomu moja ya wanaotafutwa, kama tulivyoeleza katika hoja ya pili. Mazoezi ya kwanza yafanyike katika hospitali za mkoa wa Dodoma na Singida.

(c) Familia zote zinazotafuta ndugu tangu Oktoba 2025 zifunguliwe daftari, bila kuulizwa itikadi wala sababu ya marehemu kuwa barabarani siku ile, na cheti cha kifo kitolewe bila malipo.

(d) Kamati ya Taifa ipewe sheria, bajeti na wawakilishi wa wilaya, ikianza na Kiteto, Kongwa na Kilosa.

(e) Ripoti ya kila tume ya uchunguzi wa vifo vya raia ichapishwe kwa Kiswahili.

(f) Hukumu mbili tulizozitaja zitafsiriwe, na serikali ijadiliane mapema na Umoja wa Mataifa juu ya mahali nyaraka za Arusha zitakapokaa na namna wananchi watakavyozisoma.

Tuko tayari kuitwa mbele ya kamati yoyote ya Bunge, na tutakuja na mfano wa fomu, mfano wa kibandiko na rasimu ya vifungu. Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30. Yakija, tutayachapisha pamoja na barua hii.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wanasheria, wauguzi, wahudumu wa mochwari, watunza kumbukumbu na walimu wa historia,
Dodoma na Singida.

Nakala:
Wakuu wa Mikoa ya Dodoma, Singida, Manyara na Morogoro.
Viongozi wa dini, Dodoma.
Wananchi wote.